Petroli ficha, mtoto mpe makumbi

Nasema hivi, na najua kuna wazazi watanuna: mtoto wa miaka tisa ambaye hajawahi kuwasha moto kwa mkono wake mwenyewe yuko hatarini kuliko yule mwenye kiberiti mfukoni na anajua cha kufanya nacho.

Naandika sasa kwa sababu likizo imekaribia. Kila Agosti na kila Desemba huku kwetu Kusini, kuanzia Tiwi, Diani, Galu mpaka Msambweni, mahema yanaota kama uyoga. Zamani tulisema kupiga kambi ni mambo ya wazungu na watu wa Nairobi. Siku hizi hata sisi wa Ukunda tumeingia: hema la kuazima, mkeka, spika, sufuria la pilau na watoto sita wa ukoo wamebanana nyuma ya Probox. Poa sana. Mimi mwenyewe sikosi.

Halafu saa kumi na mbili jioni inafika, na sinema inakuwa ile ile. Kuni zimevuta unyevu wa bahari mchana kutwa, hazitaki. Mtu mzima anawasha gazeti, linawaka, linazima. Anawasha jingine. Watoto wanaanza kucheka chini chini. Jamaa anaona haya, anawafukuza, "hebu nendeni huko!", kisha anaenda kuchukua ile chupa ya soda yenye petroli ya bodaboda.

Nimeiona hii zaidi ya mara moja. Ya mwisho ilikuwa ufuoni hapa hapa Diani. Msee kamwaga, karudi nyuma hatua mbili, kapiga njiti. Moto haukuanzia kwenye kuni, ulianzia karibu na miguu yake. Nyusi zikaenda. Bahati yake ni nyusi tu. Na watoto wakapiga makofi, wallahi, kama wako kwenye sarakasi. Hayo makofi ndiyo yaliyonitisha, kwa sababu somo lilikuwa limeingia: moto unawashwa hivi, kwa mwago na mlipuko, na anayeufanya ni shujaa.

Sasa tuelewane kuhusu petroli. Kinachowaka si yale maji unayoyaona, ni mvuke wake. Na petroli inatoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapa Ukunda jioni ni nyuzi 27, 28. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu ukapotea. Unatambaa chini, unajaza mashimo ya mchanga, unafika ulipo wewe na njiti yako. Hizo hatua mbili za kurudi nyuma ni za kujipa moyo tu.

Mafuta taa ni mpole zaidi kwenye kuni, lakini yana ubaya wake. Yakiwa ndani ya chupa ya soda au ya maji, mtoto mwenye kiu haoni tofauti. Akiyanywa, shida kubwa haiko tumboni. Ni yale matone yanayoteleza kuingia mapafuni, na ndiyo maana hutakiwi kumtapisha. Ni kumkimbiza hospitali. Yaani umekuja kambi kuchoma mahindi, unaishia huko.

Plastiki nayo? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi kabisa kwenye mbuga, misitu na fuo za hifadhi. Lakini sisi ni wabunifu, tumehamia vipande vya kandambili. Moshi mweusi ti, halafu mahindi yanawekwa juu. Unakula mahindi yana ladha ya kandambili na unasema ni ya kuchoma.

Basi kuna wale wastaarabu wanaonunua vile vipande vyeupe vya kuwashia moto dukani. Sina vita nao, vinawaka vizuri. Kinachonichekesha ni kumwona mtu kavinunua, kaja navyo, kakaa chini ya mnazi, juu ya rundo la makumbi makavu, na anauliza kama kuna mtu ana kitu cha kuwashia.

Tuko Kwale, jamani. Nyuma ya kila jiko kuna kifuo kimesimama na makumbi yametapakaa. Nazi inafuliwa, inakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa, na makumbi yanabaki pale mpaka mvua iyaozeshe. Bibi yangu ananiambia zamani kiberiti kikiisha nyumbani, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba moto, akarudi na kaa limefukiwa ndani ya kumbi, linafuka polepole njia nzima. Mtoto! Na hakuna aliyeona ajabu. Ukirudi nyuma zaidi, watu walipekecha moto kwa vijiti viwili, na Kiswahili mpaka leo kina majina yake, ulindi na ulimbombo. Uliza darasa zima la sekondari kama kuna anayeyajua.

Ila kumbi lina tabia yake, na hapa ndipo video nyingi za mtandaoni haziwasaidii watu wa Pwani. Kumbi linapenda kufuka kuliko kuwaka. Linashika cheche haraka, linatunza kaa kwa muda mrefu, lakini ulimi wa moto hauna nguvu ya kukausha kuni zenye unyevu. Linahitaji mafuta ya kulilisha. Hapo ndipo nta ya mishumaa inapoingia. Nyuzi za kumbi zinakuwa utambi, nta inakuwa mafuta. Ni mshumaa tu, ila mnene na wa shamba.

Na mishumaa mnayo. Stima hupotea mara ngapi? Kila droo ina vile visiki vya mshumaa ambavyo hakuna anayevitupa na hakuna anayevitumia.

Tunavyofanya sisi ni hivi. Siku mbili tatu kabla ya safari, watoto wanachambua makumbi ya nazi iliyokomaa. Si ya madafu, yale ya madafu yana maji na yatakuchukua wiki nzima kukauka. Wanazichana nyuzi mpaka ziwe laini kama nywele, wanazianika juani. Hii kazi hata mtoto wa miaka minne anaiweza, na itamkalisha kimya nusu saa, jambo ambalo hata katuni hazikupi siku hizi. Kisha tunatafuta trei ya mayai, ile ya karatasi, si ya plastiki. Kila shimo linashindiliwa nyuzi, zimwagike kidogo juu ya ukingo ili pawe na pa kuwashia. Ukipita kwa fundi seremala akakupa vumbi la mbao, changanya, linafanya kipande kiwake muda mrefu zaidi.

Nta ni kazi ya mtu mzima. Hapa sina demokrasia. Visiki vya mishumaa vinawekwa kwenye kopo safi, kopo linawekwa ndani ya sufuria yenye maji, sufuria ndiyo inayokaa jikoni. Usiweke kopo moja kwa moja motoni. Nta ya mshumaa inayeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, na maji ya kuchemka hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo ikiwa ndani ya maji haiwezi kuchemka kupita kiasi. Ukiiweka juu ya moto wenyewe itaendelea kupanda mpaka ianze kutoa mvuke unaoshika moto. Na ikishika, maji ndiyo adui. Ukimwaga maji kwenye nta inayowaka, maji yanageuka mvuke ghafla na kuirusha nta juu, usoni mwako na mwa aliye karibu. Funika na mfuniko, zima jiko, ondoka. Nimewaeleza hivyo binamu zangu, na yule wa miaka saba akaniuliza, "kwa hiyo maji yanaweza kukosea?" Ndiyo, mwanangu. Maji yanaweza kukosea.

Unamimina nta juu ya nyuzi, shimo baada ya shimo, si mpaka ifurike, ilowe tu. Ikipoa, kata vipande kwa kisu. Vyetu vya likizo iliyopita nilivipima kwa simu: kimoja kiliwaka dakika tisa mpaka kufa. Trei moja ya mayai 30 inakupa moto wa safari nyingi sana, na gharama yake ni visiki ulivyokuwa navyo. Kama kuna mvivu, au huna trei, chukua pamba, ipake mafuta mazito ya kujipaka, yale ya Vaseline, weka kwenye mkebe. Inafanya kazi vizuri, ila haina raha ya kumbi.

Raha yenyewe iko jioni, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kipande hiki ni cha polepole. Unakiweka chini, juu yake majani makavu ya mvinje na vile vikoni vyake vidogo, kisha vijiti vya ukubwa wa njiti, kisha vya ukubwa wa kidole, kisha kuni zenyewe. Mtoto wa miaka kumi anapiga kiberiti, anakigusisha ukingoni, na hakuna mlipuko. Kuna ulimi mdogo wa rangi ya machungwa unaotambaa. Ana muda wa kutoa mkono. Ana muda wa kurudi nyuma, wa kuona upepo unatoka wapi, wa kugundua kwamba ameziba hewa na kuinua kijiti kimoja. Dakika tisa za kujifunza. Petroli inakupa nusu sekunde na haikufunzi chochote ila kuruka.

Hapo huwa naambiwa: watoto wasicheze na moto, mkojo utawatoka kitandani. Sawa, shikamoo zenu nazipokea, lakini tuseme ukweli. Mtoto atacheza na moto. Swali ni atacheza mbele yako au nyuma ya choo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hapa ulimwengu ni chupa ya soda ya bodaboda.

Na kuna jambo jingine ambalo linaniuma zaidi, acha nilitoe. Nenda ndani kidogo, toka barabara ya lami, elekea Kinango au Lungalunga. Kuna msichana wa miaka minane ambaye leo alfajiri amewasha mafiga matatu kwa njiti moja, na kuni za mvua, akachemsha chai, akaenda shule. Hakuna aliyempigia makofi. Hakuna aliyempa cheti. Halafu mwezi wa nane watoto wa mjini wanalipiwa pesa waje ufuoni kufundishwa "mbinu za porini", na anayewafundisha ameangalia video juzi. Sisemi yule msichana aendelee kupikia moshi, apewe jiko zuri na muda wa kulala. Ninachosema ni kwamba ujuzi anao, na ukitaka mwalimu wa moto kwenye kambi yako, muite shangazi anayekaanga samaki sokoni, mlipe, mketi chini mumsikilize. Na vijana wa kiume nyie, mnaofika miaka 15 hamjawahi kuwasha jiko la nyumbani kwa sababu "ni kazi ya dada", kambini mnakuwa mzigo. Hiyo si siri tena.

Wapi pa kuwasha pia ni somo, na huku kwetu si kila mahali pa wazi ni pako. Kaya Kinondo, pale pale Diani, ni mojawapo ya Kaya za Wamijikenda zilizoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Unaingia umefungwa kaniki kiunoni na hutoki hata na jani. Kuni za kuokota humo, sahau, hata kama zimeanguka zenyewe. Shimba Hills ni hifadhi tangu 1968 na moto ni pale utakapoonyeshwa tu. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto kwenye misitu ya umma bila kibali. Mikoko ya Gazi iache isimame, samaki wako wanazaliwa humo.

Ufuoni nako kuna wenyewe. Kasa wanataga juu ya ile alama maji yanapofikia, na vitoto vyao vikitoka usiku vinafuata mwanga vikidhani ni bahari. Mahali panapojulikana kuwa na viota, usiwashe, tafuta uwanja wa ndani. Na usiwashe karibu na paa la makuti. Hoteli ngapi za Diani zimeshawaka makuti, moto ukaruka paa hadi paa kwa upepo? Desemba mpaka Machi kaskazi ikivuma na kila kitu ni kikavu, cheche moja inatosha. Siku ya upepo mkali mimi huwa tunakula mkate na maharagwe baridi, watoto wananuna, maisha yanaendelea.

Kuhusu vya kuokota, mambo matatu nimewakaririsha mpaka wanayaimba. Maganda ya korosho hapana, yana mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake ni mkali machoni. Manyara hapana, ule utomvu mweupe ukiingia jichoni ni hospitali. Na mawe ya matumbawe usiyafanye mafiga, hasa yaliyotoka majini, yana vitundu vilivyojaa maji na yakipata moto yanaweza kupasuka na kuruka vipande. Kijana mmoja aliniuliza mbona bibi zetu walichoma matumbawe kupata chokaa. Ndiyo, kwenye tanuri, na hakuna mtoto aliyekuwa ameketi kando ya tanuri anachoma mahindi.

Mtu akiungua, maji. Ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kwa saa, si kwa kukisia. Si dawa ya meno, si unga, si yai, si barafu. Vua pete na bangili kabla hajavimba, funika na kitambaa safi kisichonata, na kama ni usoni, mkononi au ni pakubwa kuliko kiganja chake, nenda hospitali usiku huo huo. Ndiyo maana kabla ya kuwasha, ndoo mbili za maji ziwe zimejaa na zimesimama pale. Hazijajaa, hakuna moto. Kwetu anayesimamia ndoo ni mdogo kuliko wote, na anaichukulia cheo hicho kama uwaziri.

Mwisho kuna kuzima, na hapa ndipo naomba mnisikilize kuliko kote. Watu wa ufuoni wanazima moto kwa kuufukia mchanga. Inaonekana nadhifu. Moshi unaisha, hakuna kinachoonekana, mnaenda kulala. Lakini mchanga ni blanketi. Makaa yaliyofukiwa yanabaki moto saa nyingi, na mchanga wenyewe unakuwa moto kama kikaango, mpaka asubuhi. Asubuhi mtoto wa familia nyingine, asiyejua lolote, anakimbia pekupeku kwenda majini. Umewasha moto wako salama, ukaacha wa kumuunguza mwenzako.

Zima kwa maji ya bahari, yapo mengi na hayauzwi. Mwaga, koroga kwa fimbo, mwaga tena mpaka uache kusikia ule mlio wa tss. Kisha weka mgongo wa mkono karibu, halafu uguse. Kama huwezi kuacha mkono pale, bado. Binamu yangu wa miaka saba ndiye mkaguzi wetu wa hilo, na usiku mmoja alitukatalia mara tatu, tukabeba ndoo kutoka majini kwa zamu huku wakubwa wanalalamika usingizi. Makaa yaliyopoa tukayatia kwenye gunia tukaondoka nayo.

Agosti hii tuko shambani Msambweni, si ufuoni, kwa sababu kusi inavuma na kuna manyunyu. Makumbi yapo ya kutosha, yameshaanikwa juu ya bati. Kinachopungua ni nta. Mwenye visiki vya mishumaa kwenye droo asivitupe, tutapita kuchukua.